Mwalimu, Unidhamini

Mwezi Julai baridi ya Mlima Meru hushuka mjini na kupenya hadi chini ya milango. Jioni moja ya Julai 2004, kijana niliyemfundisha darasa la nne alibisha hodi nyumbani kwangu Sekei, amevaa sweta zito lililomzidi urefu wa mikono.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Pita ndani, nje hapakaliki."

Alikuwa na karatasi mkononi. Kampuni moja ya utalii ilikuwa tayari kumpa kazi ya kuosha magari na kupakia mizigo ya wageni, mradi apate wadhamini wawili. Mwenyekiti wa mtaa alikwisha kugonga muhuri wake. Mdhamini wa pili alitakiwa awe mtumishi wa serikali anayemfahamu kwa zaidi ya miaka kumi. "Mwalimu, naomba unidhamini," akasema, na mimi nikaona fahari kwamba kati ya watu wote wa mji huu alinifikiria mimi. Nikachukua kalamu. Yeye akasogea kwenye jiko la mkaa, na joto lilipomkolea akapandisha mikono ya sweta.

Mkono wake wa kushoto, kuanzia juu ya kifundo hadi karibu na kiwiko, ulikuwa na mchoro wa wino wa bluu iliyokolea. Niliona kitu kama taya la mnyama lililovunjika upande mmoja. Sikutazama zaidi. Nilifunika kalamu, nikamwambia miwani yangu nimeisahau shuleni, aje Jumatatu. Miwani ilikuwa mfukoni mwa koti langu. Jumatatu alikuja. Nikamtuma mwanangu akamwambie nimekwenda msibani Ngaramtoni, na mimi nikasimama nyuma ya pazia la chumbani nikimwangalia. Alisubiri kidogo getini, akaikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akaondoka. Hakurudi tena.

Nimestaafu sasa, baada ya karibu miaka 40 ya kushika chaki. Nina muda wa kukumbuka, na katika yote niliyotenda na kutendewa kazini, ile karatasi iliyokunjwa mara nne ndiyo inayonirudia zaidi.

Huyu hakuwa mtu nisiyemjua. Mama yake alikuwa akiuza ndizi mshare Soko Kuu, na wakati mwingine mtoto alifika darasani na harufu ya soko kwenye shati. Siku moja nilimtuma dukani akanunue chaki. Alirudi, akahesabu chenji mbele yangu, akaona muuzaji amezidisha, na kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshakimbia kurudi dukani. Alikuwa na miaka kumi. Tangu siku hiyo fedha za darasa alizishika yeye. Nilimfahamu kwa miaka 14, nikaufahamu mwandiko wake, nikajua anavyosimama akisema kweli na anavyosimama akiogopa. Yote hayo yalifutwa na mchoro nilioutazama kwa muda wa kupepesa jicho. Mpaka leo hilo linanitisha. Watu husema chuki hutokana na kutomjua mtu, na kwamba tukimjua itaondoka. Mimi nilikuwa namjua, nikaacha kumjua.

Ili nieleze ilivyokuwa, inabidi nirudi Ilboru, kwa koko.

Koko, mama mzaa baba, alikuwa Mwarusha wa zamani kweli. Kila shavu lake lilikuwa na duara la kovu, ukubwa wa sarafu, alilochomwa kwa waya wa moto akiwa mtoto mdogo. Ndewe za masikio yake zilikuwa zimetogwa na kutanuliwa mpaka zikakaribia mabega, na ndani yake zilining'inia shanga za rangi nne. Nilipokuwa mdogo nililala karibu naye, na usiku nilitia kidole kwenye lile duara la shavuni nikilizungusha hadi usingizi ukanichukua. Nilimuuliza kwa nini alichomwa. Aliniambia ni urembo, na kwamba wengine husema huwazuia inzi wasiende machoni mwa mtoto. Alivyolitaja neno urembo, sikuona haja ya sababu nyingine.

Kisha nikaanza shule. Nilikuwa na miaka tisa Februari 1967, wakati Azimio la Arusha lilipotangazwa na jina la mji wetu likaenda duniani kote. Tuliimba, tuliandamana, tulijiona tuko mbele ya Afrika nzima. Lakini miezi michache baadaye mkoa huu huu uliingia katika kampeni nyingine, ambayo haina mnara wala makumbusho. Iliitwa Operesheni Dress-Up. Wamasai walitakiwa waache shuka, waache kujipaka ngeu na kusuka nywele ndefu, wavae suruali wawe raia wa kisasa. Kwa Waarusha, tunaosema Kimaasai na kuvaa kwa asili kama wao, maneno yale yalipita mlangoni kwetu pia. Mwaka 1969 ikafuata Operesheni Vijana kwa nchi nzima, dhidi ya nguo fupi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana. Siwalaumu waliotaka nchi masikini isimame kwa miguu yake. Nasema tu kwamba mtoto husikia yanayosemwa juu ya bibi yake hata kama hayakuelekezwa kwake.

Baba yangu alikuwa tarishi katika ofisi moja mjini. Ndewe zake nazo zilikuwa zimetanuka, na kazini alizikunja akazipandisha juu ya sikio ili zisining'inie. Mwaka 1968 alikwenda hospitali akashonwa. Alirudi na bandeji pande zote mbili za kichwa. Koko alimkalisha kwenye kigoda, akagusa bandeji moja, akagusa ya pili, hakusema neno, akaingia ndani. Baada ya wiki kadhaa nyuzi zilitolewa, na baba akawa na masikio madogo yenye mshono mnene kwa chini. Hakupandishwa cheo. Hata hivyo alitembea kama mtu aliyelipa deni.

Mwaka uliofuata nilikuwa nimesimama na wenzangu wa shule karibu na Mnara wa Saa. Koko alikuwa ng'ambo ya barabara na mzigo wa maziwa. Aliniona, akaniita kwa jina la nyumbani, lile la Kimaasai ambalo shuleni sikulitumia. Mwenzangu mmoja akauliza yule bibi mwenye masikio anamwita nani. Nikasema simjui. Koko aliita mara mbili, kisha akajitwisha mzigo wake. Jioni alinipa loshoro kama kawaida na hakulitaja jambo lile, siku ile wala siku yoyote hadi alipofariki.

Kwa hiyo pazia la 2004 lilikuwa la pili. Nilikwisha kujificha mara moja kabla, kando ya barabara, mchana kweupe.

Nilipoanza kusoma maandishi ya wanasaikolojia, jambo nililolianza nikiwa nimechelewa, nilikuwa nikijitafuta mimi mwenyewe. Mwaka 1988 Bernard Weiner na wenzake walichunguza kwa nini baadhi ya watu wenye dosari au matatizo huonewa huruma na wengine hukasirikiwa. Walikuta kwamba tukidhani mtu hakujitakia hali yake, tunamhurumia. Tukidhani amejitakia, tunaghadhibika na tunamnyima msaada. Nikaona kalamu yangu ikifunikwa. "Amejichora mwenyewe," nilijisemea jioni ile, kana kwamba hayo yalitosha kuwa hukumu. Mlemavu ningemdhamini. Mwenye kovu la moto ningemdhamini mara mbili. Huyu alichagua, kwa hiyo niliona ana jeuri, na nikaiona jeuri hiyo imeelekezwa kwangu.

Kuna pia jambo la kumbukumbu zetu zinavyodanganya. David Hamilton na Robert Gifford walionyesha mwaka 1976 kwamba vitu viwili vya nadra vikitokea pamoja, akili huvifunga kwa kamba moja na kuamini vinaandamana siku zote. Katika Arusha ya miaka ya 1990 tatuu zilikuwa nadra. Tuliziona kwa wachimbaji tuliowaita wanaapolo, waliopanda kutoka Mererani na fedha za ghafla za tanzanaiti, au kwa machalii wachache wa Ngarenaro na Unga Limited. Wizi wa kutumia nguvu nao, ingawa tuliuzungumza kila siku, hakuna aliyeuona kila siku. Ikitokea mara moja tu kijana mwenye mchoro akakamatwa kwa wizi, kisa chake kilizunguka kwenye mabasi madogo ya vifodi kutoka Sakina hadi Tengeru. Wezi waliokuwa na mikono mitupu, na ndio waliokuwa wengi, hakuna aliyekumbuka mikono yao.

Halafu sindano. Katika miaka ile mimi mwenyewe nilisimama mbele ya watoto nikafundisha habari za UKIMWI: usichangie wembe, usichangie sindano, waambie wazazi mganga asikuchanje chale kwa wembe wa mwenzako. Lilikuwa somo la lazima, na liliokoa watu. Lakini hofu ikishapandwa haichagui pa kuota. Mark Schaller, mwanasaikolojia wa Kanada, ameeleza kwa miaka mingi kwamba ndani ya akili ya binadamu kuna mlinzi wa magonjwa asiyesubiri ushahidi, akiona ngozi isiyo ya kawaida hupiga kelele kwanza. Mlinzi huyo aliwafaa mababu zetu. Kwangu alimwona kijana mzima wa afya, akaona sindano, akaona ugonjwa, akanishika mkono nisiandike. Na sisi ndio taifa lililojifunza neno unyanyapaa katika kampeni zile zile! Tulilikariri kwa ajili ya ugonjwa mmoja, tukaliacha pale pale.

Utafiti ulioniuma zaidi ni wa Kristin Broussard na Helen Harton wa Marekani. Waliwaonyesha watu picha za watu wenye tatuu, na picha zile zile tatuu zikiwa zimefutwa kwa kompyuta. Sura moja, macho yale yale, tabasamu lile lile. Wenye michoro walihukumiwa vibaya zaidi, na waliohukumu hivyo ni pamoja na watu wenye tatuu zao wenyewe. Niliposoma hapo niliweka kitabu chini. Nilimwona baba na mishono yake. Katika miaka yake ya mwisho alikuwa mkali kuliko mtu yeyote kwa vijana wa Kimaasai waliokuja mjini na ndewe zilizotanuka kutafuta kazi ya ulinzi. Nilidhani amesahau alikotoka, kumbe hakuwa amesahau hata kidogo.

Lugha yetu inajua haya kuliko sisi. Kuchanja ni kukata ngozi, na humo ndimo chanjo ilimotoka. Watu wengi sana waliozaliwa nchini wana kovu dogo begani la chanjo ya kifua kikuu. Serikali ilitutia alama sote, na hakuna aliyenyimwa kazi kwa ajili yake. Wazee wa pwani walikuwa na neno kutoja kwa kuchora ngozi, na kutoga kwa kutoboa sikio. Mtu hatungi vitenzi viwili kwa jambo la wageni.

Nakumbuka pia Wamakonde waliochonga vinyago kwenye vibanda vya mjini. Baadhi ya wazee wao walikuwa na chale nzito usoni, mistari iliyovunjika pembe kwa pembe, na watoto tuliambiwa tusiwakaribie. Lakini mstari ule ule, ukiwa juu ya uso wa kinyago, uliuzwa kwa dola na kufungwa kwa gazeti usivunjike. Na Wadatoga, ambao wanawake wao huzungushia macho madoa ya urembo, tuliwaita Wamang'ati bila kujua kwamba ni neno la Kimaasai la adui. Tulikuwa tukisema adui, adui, na kudhani tunataja kabila.

Kanisani tulikimbilia Mambo ya Walawi 19:28, aya inayokataza kujichanja kwa ajili ya wafu na kujitia alama mwilini. Mimi ni Mlutheri na naiheshimu. Lakini mlango ule niliusoma wote baada ya miaka mingi ya kuutumia nusu. Aya moja nyuma yake unakataza kunyoa pembe za ndevu, na baba yangu alinyoa kila asubuhi. Aya kumi nyuma yake unaagiza kumpenda jirani. Kijana wa watu alikuwa amekaa jikoni kwangu, na mimi nilichagua aya.

Leo Arusha ni mji mwingine. Kuna vyumba vya kuchora tatuu vyenye taa nyeupe na vioo, na watoto wanaojazana kwenye vibanda umiza huona mikono ya wachezaji wa Ulaya iliyojaa wino kuanzia begani hadi vidoleni. Olmoti unajengwa uwanja wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na wachezaji wenye mikono ya namna hiyo watakuja kushangiliwa hapa hapa. Mgeni wa Kizungu aliyechorwa miguu yote miwili hushuka kwenye gari la safari akapokewa kwa "karibu sana", mizigo yake akaibeba kijana wa hapa aliyeficha mkono wake ndani ya shati refu. Nimeliona hilo mara nyingi mbele ya hoteli za mjini, na kila mara namtazama mbebaji. Tunachokihukumu si wino. Mzungu ana pasi ya kusafiria ya kumlinda na mchoro wake. Na matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi bado humtaka mwombaji asiwe na michoro mwilini, sharti linaloandikwa jirani na yale ya rekodi ya uhalifu na dawa za kulevya. Sidhani aliyeyapanga alikusudia yasomwe kama familia moja. Lakini vijana ndivyo wanavyoyasoma.

Mwaka jana, kwenye duka la dawa Kijenge, binti aliyenihudumia alikuwa na kipepeo kidogo juu ya kifundo cha mkono. Nikamuuliza maana yake. "Hakina maana, mama, nilikipenda tu," akanijibu, akashusha mkono wa koti lake jeupe. Nilijutia swali langu njia nzima ya kurudi. Nilikuwa nikitafuta sababu nzuri ya kumkubali, kana kwamba bila sababu asingestahili.

Yule kijana nilikuwa nikisikia habari zake kwa mbali. Kazi ile hakuipata. Alipasua mbao, alibeba mizigo ya wapanda mlima kwenye njia ya Momella, hatimaye akajifunza udereva. Siwezi kusema maisha yake yangekuwaje kama ningetia sahihi, na sipendi kujipa ukubwa wa kuwa niliyaharibu. Aliyajenga. Ila aliyajenga kwa miaka mingi zaidi ya ilivyohitajika, na baadhi ya miaka hiyo ilikuwa mikononi mwangu.

Agosti iliyopita tulikuwa na msiba Sanawari. Baada ya maziko wanaume walipika, na wakati wa chakula mmoja wao alipita kwa wazee na birika na beseni akituhudumia maji ya kunawa. Alifika kwangu. Nywele zimeanza kuwa na mvi pembeni, mikono ya shati imekunjwa.

"Shikamoo mwalimu. Karibu maji."

"Marahaba baba."

Akainamisha birika, na mkono wa kushoto ukawa mbele ya macho yangu, umbali wa kitabu. Wino ulikuwa umetawanyika na kugeuka kijani. Safari hii nilitazama, na miwani nilikuwa nimeivaa. Halikuwa taya. Ulikuwa Mlima Meru, lakini si huu tunaouona kutoka mjini, uliosimama mzima kama pia iliyogeuzwa. Ulikuwa Meru wa upande wa mashariki, pale ukuta wake ulipobomoka maelfu ya miaka iliyopita na kuuacha wazi hadi tumboni, na ndani yake kile kilima kidogo cha majivu.

"Huu ni mlima," nikasema.

"Ndiyo mwalimu. Ukiwa Ngare Nanyuki. Kwa bibi yangu."

Ngare Nanyuki, ambako mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kwa nguvu na kuchoma nyumba zao ili ardhi wapewe walowezi, na Kirilo Japhet akaenda mpaka Umoja wa Mataifa kuwasemea. Habari hizo nimezifundisha darasani mara zisizo na idadi. Nilimfundisha yeye pia.

Sikuwa nimepanga kusema chochote. Watu walikuwa wengi, na aliyekuwa kando yangu alikuwa akisubiri maji. Nikamwambia, kwa sauti ya chini, "Ile Jumatatu nilikuwapo ndani."

"Najua mwalimu," akasema. "Pazia lilikuwa linatikisika."

Akainamisha birika tena, akaniongezea maji.